Nililipa watu wamtafute nkambo wetu, askari wa Tabora: uzoefu wangu

Dola 140, miezi mitano, ukurasa mmoja. Hayo ndiyo niliyotoa na niliyopata kwa watafutaji wa karatasi za askari wa zamani, wale wanaoingia kwenye nyaraka za Brussels kwa niaba yetu sisi tulio mbali. Niko Lubumbashi, Kongo, na naandikia familia nyingine za Katanga ambazo bado zinasema "nkambo (babu yetu) alipigana Tabora", yaani kule Tanzania ya leo, dhidi ya Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na habari inaishia hapo. Ningelipa tena, ila si kwa njia niliyoanza nayo.

Karatasi nyingi za Force Publique, jeshi la koloni la Wabelgiji Kongo, zilichukuliwa Ubelgiji. Zilikaa Wizara ya Mambo ya Nje, na miaka hii zimekuwa zikihamishiwa Nyaraka za Taifa za huko. Nani atapanda ndege kwa ajili ya ukurasa?

Mara ya kwanza niliwapa jina na neno Tabora, basi. Baada ya miezi miwili wakaniletea mtu mwingine kabisa: jina lile lile, lakini mzaliwa wa Maniema, si wa kwetu Katanga. Nilikasirika sana, maana dola 60 za kwanza hazikurudi, na hawakuwa wameniambia mapema kwamba jina peke yake halifiki mbali. Karani Mbelgiji aliandika alivyosikia: Shabani anakuwa Chabani, Kalumba anakuwa Kaloumba, r na l zinapokezana. Kinachomtenganisha askari na mwenzake ni namba yake, ile matrikule. Kabla hamjatoa hata dola moja, ndugu zangu, itafuteni nyumbani.

Yetu ilikuwa Katuba, hapa hapa Lubumbashi, kwa shangazi yangu. Ana valizi ya bati chini ya kitanda, na ndani yake, katikati ya vitambaa vya ubatizo, kulikuwa na cheti cha nkambo cha kuachishwa jeshi. Kimekunjwa mara nne, kimekatika kwenye mikunjo, mende wamekula pembe moja, lakini tarakimu zimebaki. Nikapiga picha, nikatuma pamoja na dola 60 nyingine. Wiki tatu tu, wakampata.

Walichoniletea kwanza ni muhtasari wa mistari sita, wameuchapa wenyewe kwa Kifaransa. Nikaomba picha ya ukurasa wenyewe, wakanidai dola 20. Zilipeni hizo. Muhtasari ule uliacha mambo mawili, na kwetu hayo mawili ndiyo yote: jina la mama yake, na safu ya adhabu.

Ukurasa una wino uliogeuka rangi ya kahawia, na mwandiko wa kulala ambao ulinichukua usiku mzima kuusoma. Aliandikwa jeshini mwaka 1912, kwa miaka saba. Sisi tulidhani alikamatwa wakati wa vita. Kumbe vita vilimkuta tayari na bunduki. Kwenye mapigano kuna mistari miwili: Tabora 1916, Mahenge 1917. Hiyo Mahenge hakuna mzee aliyewahi kututajia. Tabora iliingiwa na majeshi ya Jenerali Tombeur, Mbelgiji, tarehe 19 Septemba 1916, nasi tulikua tukiamini kwamba pale ndipo walipogeuka kurudi kwao. Mwaka uliofuata askari wa Kongo walirudishwa vitani, wakaendelea kusini mashariki hadi Mahenge, iliyoanguka 9 Oktoba 1917. Tazameni ramani ya Tanzania mwone umbali huo, kisha mkumbuke kwamba sehemu ya njia hiyo walitembea kwa miguu.

Adhabu ni mstari mmoja: fimbo 12, alichelewa mwito wa jioni. Nilimsomea shangazi polepole. Yeye alimjua nkambo alipokuwa bado mtoto mdogo. Alikaa kimya, akasema, "Ndiyo maana alikuwa anaoga peke yake. Shati hakuvua mbele yetu hata siku moja, jua liwake namna gani."

Na kwa jina la mama yake, pamoja na la chifu lililoandikwa kando, sasa tunajua tulitoka kijiji gani. Ubishi wa miaka mingi kati ya baba zangu umekwisha.

Niliwauliza pia habari za mdogo wake nkambo, aliyechukuliwa kuwa tenga-tenga, kubeba mizigo ya jeshi. Hapo sina lawama nao: walikataa pesa yangu. Walisema mpagazi hakufunguliwa karatasi yake kama askari, kwa hiyo hawana pa kuanzia. Wapagazi wa upande wa Wabelgiji walikuwa zaidi ya 200,000. Nilipomweleza shangazi akaniambia, "Basi mwandike wewe." Namwandika hapa: alitoka kijiji kimoja na kaka yake, alibeba mizigo ya vita, hakurudi.