Nilinunua rilei 8, nikasahau kuhesabu maboya

Kwetu Kimara maji ya bomba huja yanapojisikia, mara nyingi usiku wa manane, na mwenye usingizi mzito anaamkia ndoo tupu. Tanki la chini linajaa lenyewe. La juu linataka mtu wa kuwasha pampu, na zaidi linataka mtu wa kukumbuka kuizima. Nilikuwa na kompyuta ya mezani inayokula vumbi, nikasema basi kazi hiyo aifanye yeye. Programu niliimaliza jioni mbili. Kilichonitoa jasho ni kifaa cha katikati, kile kinachoiunganisha kompyuta na nyaya za nje.

Nilipanda mwendokasi mpaka Gerezani, nikazama Kariakoo na wazo moja tu: nataka kuwasha vitu kwa kompyuta. Muuzaji akanitolea bodi ya USB yenye rilei 8, zile swichi ndogo zinazowashwa kwa umeme. "Boss, hii unachomeka tu." Na kweli nilichomeka tu. Rilei zikalia ta, ta, ta, moja baada ya nyingine, watoto wakashangilia, nikalala nikijiona injinia. Asubuhi ndipo nikashika kalamu. Vya kuwasha: pampu na king'ora. Viwili. Vya kusoma: boya (swichi inayoelea majini) la tanki la chini, boya la juu la kujaa, boya la juu la kukauka, swichi ya kujua kama maji ya bomba yamefika, na kitufe cha mama watoto cha kuzima kila kitu akichoshwa na mambo yangu. Vitano. Bodi yangu yenye rilei 8 haikuwa na hata pini moja ya kusoma kitu. Simlaumu muuzaji, nilimwulizia kuwasha naye akaniuzia kuwasha.

Kompyuta yenyewe, kwa uzee wake, ina ile tundu pana ya printa ya zamani: njia 8 za kutoa na 5 za kuingiza, bure kabisa. Ilinitamanisha. Lakini zile pini zinakwenda moja kwa moja kwenye ubao mkuu wa kompyuta. Ukikosea waya, umeunguza kompyuta. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, nayo niliiacha kwa sababu ya namna hiyo hiyo. Pini zake ni za volti 3.3, ukizigusisha volti 5 unaweza kuiaga, na bei yake si ya kuchezea.

Nikaishia kwa Arduino Uno, bodi ndogo unayoiandikia programu ya kusoma na kuwasha vitu, ile ya kuiga, Sh 35,000. Ina pini 14 za kidijitali. Mbili za mwanzo zinatumiwa na mawasiliano ya USB, kwa hiyo hesabu 12, na zile 6 za analogi unaweza kuzigeuza za kidijitali zikihitajika. Kwangu ilibaki chenji. Ukiunguza Uno unapoteza Uno, kompyuta inabaki salama, na hiyo kwangu ndiyo sifa yake kubwa.

Vituko vyake sasa. Chipu ya USB ya hizi za kuiga ni CH340, na kwenye mfumo wa kompyuta yangu, Ubuntu 22.04, bodi inachomekwa, inaonekana sekunde moja, inapotea. Nilibadilisha waya mara tatu na kumtukana fundi wa China asiye na hatia. Mchawi alikuwa programu ya brltty, inayohudumia vifaa vya kusomea Braille vya wasioona. Ilidhani CH340 ni kifaa chake ikakikamata. Niliiondoa, kwa kuwa nyumbani hakuna anayeihitaji, bodi ikatulia. Kituko cha pili: kila programu inapofungua mawasiliano, Uno inajiwasha upya na pampu inazimika. Kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya pini za RESET (kuwasha upya) na GND (hasi) imemaliza hilo, ila uichomoe unapotaka kupakia programu mpya.

Rilei za kuunganisha na Uno nazo zina tabia zake. Bodi nyingi za hapa mjini huwaka pini inapokuwa chini (LOW, volti 0), siyo juu (HIGH, volti 5). Ukitangaza pini kuwa ya kutoa kabla hujaiandikia HIGH, rilei inaruka kidogo kila bodi inapowaka. Andika HIGH kwanza, tangaza baadaye. Halafu umeme: kila rilei ya volti 5 inakula karibu miliampia 70, zote 8 zinapita 500 za USB ya kawaida. Toa ile jampa ya JD-VCC, kipande kidogo kinachounganisha umeme wa rilei na ule wa Uno, kisha zilishe rilei kwa chaji ya simu. Na usithubutu kuipitisha pampu ya hp 1 kwenye rilei hizo eti kwa sababu imeandikwa ampia 10. Mota ikianza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida. Fundi wangu wa umeme aliniambia, "Kaka, weka kontakta," nikaweka. Rilei inawasha kontakta, ambayo ni swichi kubwa, na kontakta inabeba pampu.

Lakini kilichoninyima usingizi ni maboya. Waya wa boya la juu una mita 18, na kwa uvivu niliupitisha bomba moja na waya wa pampu. Mezani kila kitu kilisoma vizuri. Siku ya kwanza pampu ilipowaka, boya likaanza kusema nimejaa, sijajaa, nimejaa, kontakta ikatetema kama meno ya mtu mwenye homa. Ukinzani wa ndani wa Uno unaoshikilia pini juu ni kilo-omu 20 hadi 50, dhaifu mno kwa waya mrefu uliolala na waya wa pampu. Nikauhamishia kwenye bomba lake. Nikapitisha volti 12 kwenye boya, ukinzani wa omu 1,000, kisha PC817, ile chipu ya miguu minne inayopitisha habari kwa mwanga. Sasa waya unabeba karibu miliampia 10 na kelele ndogo haziusumbui. Kwenye programu boya linatakiwa kushikilia jibu lake sekunde mbili ndipo liaminiwe. Chipu zote tano nilizilehemu mwenyewe, na shati likaungua.

Badiliko la mwisho lilikuja umeme ulipokatika katikati ya kujaza. Uliporudi, kompyuta ilichukua dakika tatu kujikusanya, wakati Uno ilikuwa tayari baada ya sekunde mbili, imekaa inasubiri amri. Nikahamishia maamuzi yote ndani ya Uno. Kompyuta siku hizi inaandika tu kumbukumbu ya saa maji yalipofika. Na boya jingine la tanki la chini linakata kontakta lenyewe, bila kumwuliza yeyote.

Rilei 8 ziko kabatini. Mwenye taa za kuwakawaka za sherehe aje tuzungumze bei.