Filta ya Petroli kwa Porsche 911 ya K-Jetronic: Tatu Nilizozifunga na Moja Niliyobaki Nayo

Katika miaka ambayo nimelitunza gari langu, Porsche 911 SC la mwaka 1980, nimelifunga filta tatu tofauti za petroli, na ni moja tu ninayoweza kumshauri mwenye gari kama hili ainunue. Filta ni spea ambayo wengi wetu huinunua kwa haraka, tukiangalia tu kama itaingia mahali pake, ilhali katika injini ya injekta za zamani ubovu wake huangukia vifaa ambavyo ni ghali mno na vigumu kupatikana.

Gari hili linatumia mfumo wa Bosch K-Jetronic, ambao ulianza kufungwa kwenye magari mwaka 1973. Injekta zake hazifunguliwi na umeme bali hufunguka kwa nguvu ya presha yenyewe, na kipimo cha petroli hutoka kwenye kigawa petroli, kile chuma kizito chenye mabomba sita, ambacho ndani yake mna pistoni ndogo iliyokaa kwa kubana sana kwenye tundu lake. Pampu husukuma petroli kwa presha ya karibu baa 5 muda wote injini inapofanya kazi, na ile isiyohitajika hurudi tangini. Kwa hiyo petroli ile ile hupita ndani ya filta mara nyingi kabla haijachomwa, na ndiyo sababu filta ya asili ni kopo kubwa la chuma ambalo mtu aliyezoea kabureta hulishangaa.

Filta ya kwanza niliyoichagua mwenyewe ilikuwa ya wavu wa chuma cha pua, ndani ya kasha la alumini lililong'arishwa vizuri sana, na iliuzwa kwa ahadi kwamba ingeoshwa na kurudishwa maisha yote. Wavu wake ulikuwa wa mikroni 40 (mikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita). Niliposoma kwamba unywele wa binadamu una unene wa takriban mikroni 70, niliona nimepata kitu cha kuaminika, wala sikujiuliza kwa nini filta za injekta huchuja hadi mikroni 10 hivi. Jibu nilikuja kulipata baada ya miezi michache, injini ilipoanza kutetemeka ikiwa imetulia na kukosa nguvu mlimani. Fundi alizing'oa injekta zote sita, akaziingiza kila moja katika chupa yake, akaiwasha pampu na kukiinua kwa mkono kisahani cha hewa, kile kinachokiamuru kigawa petroli kitoe kiasi gani. Nne zilinyunyiza ukungu mzuri wenye umbo la pia. Ya tano ilitoa mchirizi mwembamba uliopinda upande mmoja, na ya sita ilidondosha matone tu. Tulipoumimina uchafu wa ndani ya kasha lile juu ya karatasi nyeupe, tuliona kutu laini kama vumbi la matofali, lakini ile iliyokuwa laini zaidi ilikwisha kupita zamani.

Sisemi kwamba wavu wa chuma hauna kazi. Ukiwekwa kabla ya pampu, ukiwa na matundu makubwa ya mikroni 100 hivi, huizuia takataka kuiharibu pampu bila kuinyima petroli. Kosa ni kuupa kazi ya filta kuu.

Ya pili ilikuwa ya karatasi, kwenye kopo la chuma lililofanana kabisa na la asili, nayo niliinunua katika duka ambalo sitalitaja. Gari lilipoanza kukohoa kwenye mwendo mkubwa, tulipima petroli inayorudi tangini kwa nusu dakika na kuikuta chini sana ya kiwango cha kitabu cha gari. Nililikata kopo hilo kwa msumeno, petroli ikiwa imekwisha kukauka kabisa, nikakuta mikunjo ya karatasi michache, imelala upande mmoja, na gundi ya mwisho wa mikunjo imelainika hadi inashika kidole. Petroli yenye ethanoli huzitesa gundi na mipira isiyotengenezwa kwa ajili yake, lakini hata bila ethanoli karatasi kidogo kiasi kile isingedumu.

Filta niliyobaki nayo ni ya karatasi, yenye namba ileile ya spea iliyo kwenye orodha ya gari, kutoka kwa mtengenezaji anayeandika presha ambayo kopo linaistahimili. Ni nzito mkononi, nyuzi za kukazia nati kwenye miisho yake ni safi, na ina mshale wa mwelekeo wa petroli uliogongwa kwenye chuma. Gari lilirudia utulivu wake baada ya injekta mbili zile kubadilishwa.

Mwenye gari la aina nyingine asinunue kwa kusikia neno injekta tu. Mfumo wa D-Jetronic hutumia takriban baa 2, na ule wa Lucas wa Triumph TR6 hufika karibu baa 7, tena filta yake ya asili hukaa kabla ya pampu. Zile filta za plastiki zinazoonyesha petroli ndani ni za kabureta. Zikiwekwa upande wa presha zinaweza kupasuka juu ya injini yenye moto, na hilo ni jambo la hatari ya kuungua.

Wakati wa kufunga, injini iwe imepoa, betri iwe imechomolewa na presha iwe imetolewa taratibu huku kitambaa kikiwa kimezungushwa kwenye kiungio. Shika filta kwa spana moja na uzungushe nati kwa nyingine, la sivyo utalisokota bomba la chuma. Washa za shaba, zile pete za kuziba viungio, ziwe mpya kila mara. Nilirudia kutumia za zamani mara moja, na harufu ya petroli iliyojaa gereji asubuhi yake ilinifanya niifungue kazi yote upya.