Uzoefu wangu na meya wa London, Sadiq Khan, na hela za usafiri: nyota tatu na nusu

Niseme mapema mimi sio mtu wa siasa, mimi ni mbeba boksi, nafanya usafi maofisini, kwahiyo hapa naandika kama abiria wa saa kumi alfajiri na sio mchambuzi. Meya ukitaka kumjua alivyotumia hela ya usafiri usisome mabango yake, angalia kadi yako imekatwa ngapi wiki ikiisha.

Nimeingia London 2012, mwaka wa Olimpiki, basi lilikua pauni 1.35. Meya wa wakati huo alikua Boris Johnson, yeye aliikuta nauli peni 90 mwaka 2008 na kufikia 2015 ikawa 1.50. Tangu nimefika ilipanda kidogo kidogo, peni tano kila mwaka, hata hustuki. Na kipindi hichohicho hela nyingine zikaenda kwenye kebo ya kuvuka mto Thames, vile vibanda vya abiria vinavyoning'inia hewani, kama pauni milioni 60, sawa kuna mdhamini alichangia, lakini sijawahi kumjua mtu hata mmoja anayeipanda kwenda kazini, ni ya kupigia picha. Halafu lile daraja la bustani, la waenda kwa miguu lenye miti juu ya mto huohuo, ndo usiseme, lilifutwa 2017, zaidi ya milioni 50 zimeteketea, nyingi za umma, na daraja lenyewe hakuna hata nguzo.

Ila kilichokua kinaniumiza mimi ni basi la pili. Wanaoishi pembezoni mwa jiji wananielewa, hakuna basi moja linalokutoa nyumbani mpaka kazini, lazima ushuke, usimame kwenye baridi dakika kumi, upande lingine na ulipe upya kama vile safari ndo inaanza. Kwenda mawili kurudi mawili, ingekua pauni 6 ila kulikua na kikomo cha siku, ukifika 4.50 kwenye mabasi hawakukati tena. Nilikua nafanya siku nne kwa wiki, jumla pauni 18.

Sadiq Khan akaingia Mei 2016, Septemba hiyohiyo akaleta Hopper, yaani ukishagusisha kadi basi la kwanza una saa nzima ya kupanda la pili bure. Mimi nikajua ni porojo za uchaguzi. Siku ya kwanza nimegusisha kwenye basi la pili mashine ikalia kama kawaida, nikanuna, nimerudi nyumbani kuangalia akaunti nakuta 1.50 asubuhi na 1.50 jioni, basi. Wiki ikawa pauni 12 badala ya 18. Pauni sita kwa mtu wa mshahara wa kima cha chini sio mchezo jamani. Januari 2018 wakaongeza, sasa hata mabasi matatu manne ndani ya hiyo saa ni nauli moja, na hata katikati ukiingia treni ya chini ya ardhi haikuharibii, zamani ilikua inaharibu.

Wengi hawajui kwamba hiyo saa inahesabiwa pale unapoingia basi la kwanza, sio unaposhuka. Ukigusisha la pili dakika ya 58 umeshapona, hata likikaa kwenye foleni mpaka jua litoke.

Nyota zinapungua hapa. Aliahidi nauli hazitapanda miaka minne, na kweli za safari moja moja hazikupanda, basi lilibaki 1.50. Lakini wenye tiketi za wiki na mwezi za treni zao zilipanda maana zile bei zinapangwa pamoja na makampuni ya treni, shemeji yangu anayetoka mbali na treni hakuona huo unafuu kabisa na mpaka leo ukitaja hiyo ahadi anacheka. Na kusimamisha nauli kulikadiriwa kugharimu kama milioni 640, wakati huohuo serikali kuu ilikua inaondoa ruzuku ya uendeshaji, karibu milioni 700 kwa mwaka, mpaka 2018 ikaisha kabisa. Yaani mfuko unatobolewa huku na huku. Ikaja korona 2020, abiria hakuna, mfumo mzima unategemea nauli, ikabidi waombe msaada serikalini na msaada ukaja na masharti, nauli zipande. Basi 1.55 mwaka 2021, 1.65 mwaka 2022, 1.75 mwaka 2023. Korona simlaumu mtu, ila angepandisha peni mbili tatu kila mwaka tusingepigwa mfululizo vile.

Elizabeth line, ile reli mpya inayokatiza London, sijui nimpe nani nyota. Ilitakiwa ifunguliwe Desemba 2018 ikafunguliwa Mei 2022, na gharama ikatoka kama bilioni 14.8 mpaka karibu 19. Ujenzi umeanza 2009, meya wawili wamepita nayo na kila mtu anaikumbuka pale pa kukata utepe. Nzuri ni nzuri, nilimpokea mama Heathrow tukapanda, behewa limetulia, lina kiyoyozi, mama akauliza mbona tumepanda ndege nyingine. Lakini haifiki kwangu wala haifiki kazini kwangu, mabilioni yote hayo nimeyatumia mara tatu nne hivi. Basi la pili bure natumia kila siku ya kazi.

Kosa langu mwenyewe nalo niliseme msije mkarudia. Kuna mwezi nilikua nagusisha simu basi la kwanza, chaji ikikata nagusisha kadi la pili, akaunti ileile ya benki nikaamini ni mamoja. Sio mamoja, mashine inaona watu wawili. Karibu mwezi mzima nimelipa mara mbili huku nawaambia wenzangu kazini Hopper imefutwa kimyakimya, tena kwa kujiamini kabisa. Saivi nina kadi moja ipo mfuko wa kifuani wa koti, simu naachia muziki tu.