Seti ya visu vinane: kikubwa kimekatika shingo kwenye boga

Bapa limekwama kwenye boga, mpini umebaki mkononi. Ndivyo kilivyoishia kisu kikubwa cha seti niliyouziwa Kariakoo kwa shilingi 85,000: visu vinane vimechomekwa kwenye gogo la mbao lenye matundu, na boksi limeandikwa kwa majivuno kwamba ni chuma cha Kijerumani. Hakijapasua mfupa, hakijagusa nazi, hakijatiwa kwenye nyama iliyoganda. Ni boga la futari tu, tena kikonyo kilishaondolewa.

Niliupasua ule mpini kwa msumeno wa chuma, maana nilitaka kuona. Msuka, yaani kile chuma kinachoingia ndani ya mpini, una sentimita nne tu, mwembamba kuliko penseli, umezungushiwa gundi. Kuanzia hapo hadi mwisho ni plastiki yenye uwazi ndani. Zile ribiti tatu zinazong'aa ubavuni hazitokezi upande wa pili wala hazishiki chochote. Ni vichwa vimebandikwa ili mnunuzi aamini kwamba chuma kimepita mpini mzima. Huo ni udanganyifu wa makusudi. Mtu hawezi kuweka ribiti za bandia kwa bahati mbaya.

Pale shingoni, bapa linapoingia kwenye mpini, kutu ilikuwa imekula karibu nusu ya chuma. Wapo watakaosema chuma cha pua (stainless steel) hakishiki kutu. Kinashika, na mahali hapo hasa ndipo kinapoanzia. Kinachokilinda ni utando mwembamba sana unaotokana na kromiamu iliyomo ndani yake, na utando huo unahitaji hewa ili ujirudishe kila unapokwaruzwa. Kukiwa na ufa kati ya bapa na mpini, maji ya vyombo yenye chumvi yanapenya, yanatuama, hewa haifiki, utando haujirudishi tena. Kwa nje kisu kinang'aa kama kipya huku ndani kinaliwa. Siku unapokikandamiza kwa nguvu juu ya kitu kigumu kinakatika, na mkono unashuka na nguvu yake yote kuelekea popote ulipo mkono wa pili.

Nilipokirudisha dukani muuzaji hakukigusa hata kwa kidole. "Dada, kimevunjikia mkononi mwako, si dukani kwangu. Boga linakatwa kwa panga." Nikamwonyesha kutu iliyomo shingoni, akamgeukia mteja mwingine na kuanza kumsifia seti ileile. Panga! Kisu cha sentimita 20 kisichoweza boga kinauzwa kwa kazi gani?

Lakini haki itendeke: chuma cha bapa lenyewe si kibaya. Sumaku inanasa. Hapa wauzaji wengi wanapotosha watu kwa kusema chuma cha pua halisi hakinasi sumaku. Ni kweli kwa vijiko na sinki nyingi. Kwa kisu ni kinyume, kwa sababu chuma cha pua kinachoweza kukazwa kwa moto hadi kishike makali ndicho kinachonasa. Bapa lisilonasa kabisa ni laini kama kijiko; utalinoa asubuhi na jioni limekuwa butu. Nenda dukani na kisumaku kidogo mfukoni, hata kile cha kubandika kwenye friji. Na kile kisu kidogo cha kumenyea kinafanya kazi vizuri kweli. Viazi, vitunguu saumu, ndizi mbichi (paka bapa mafuta ya kupikia kwanza, utomvu hautaganda), vyote kinavimudu. Kwa ajili yake peke yake nilikuwa nimeamua kutoa nyota mbili.

Vilivyobaki sita, kimoja ni cha mkate, na vitano vina vimeno vidogovidogo vinavyosifiwa kwamba "havihitaji kunolewa". Vimeno hivyo vinachana. Nyanya inatoka imechubuka, kitunguu kinapondeka na kuwasha macho zaidi kuliko kawaida, kachumbari inaelea majini kabla haijafika mezani. Vikishasagika basi, kwa sababu kinoo hakiingii katikati yake. Vitano kati ya vinane, na umevilipia!

Jiko la nyumbani lina kazi ya visu vitatu, na fedha yote iende huko. Kikubwa kiwe cha sentimita 20 na mgongo wenye unene wa milimita 2 hivi. Hiki cha seti kilizidi 3, na unene huo uliteremka hadi karibu na makali, ndiyo maana karoti ilikuwa ikipasuka kwa mlio badala ya kukatika. Kigeuze ukitazame kutoka kwenye ncha kabla hujalipa. Kama hakipungui unene kuelekea chini, kiache. Kiache pia kama karibu na mpini kuna bonge la chuma linaloshuka mpaka kwenye makali, kwa sababu unapokinoa bonge halipungui, na baada ya muda makali ya nyuma hayagusi ubao. Kidogo kiwe cha sentimita 8 hadi 10. Cha tatu ni cha mkate, chenye meno makubwa, ambacho kinafaa sana kwa nanasi. Anayepika samaki mara kwa mara aongeze kimoja chembamba kinachopinda, cha sentimita 15 hadi 18, cha kutolea minofu. Mifupa na madafu ndiyo ya panga, hapo muuzaji yule angesema nisingebisha.

Kwenye mpini usikubali maneno. Ukiwa wa mbao, chuma kionekane mgongoni na tumboni mwa mpini kwa urefu wote, na ribiti zionekane pande zote mbili. Ukiwa wa plastiki, uwe umemiminwa moja kwa moja kuzunguka msuka kama vile visu vya Victorinox vya Uswisi, usiwe kipande kilichovishwa baadaye. Pitisha ukucha kwenye kiungo cha bapa na mpini: ukinasa, maji nayo yatapita. Gonga mpini mezani. Ulio wazi ndani unalia kama chupa tupu. Na maandishi ya "chuma cha Kijerumani" hayasemi kisu kimetengenezwa wapi. Jina la Solingen, mji wa watengeneza visu, ndilo linalolindwa kwa sheria kule Ujerumani.

Kunoa kunawashinda wengi kwa sababu ya pembe. Kwa kisu chenye upana wa sentimita 4.5, inua mgongo milimita 13 hivi juu ya kinoo, utapata kama digrii 17. Tumia kinoo cha namba 1000 (namba ya ulaini wa chembe zake) chenye maji, sukuma upande mmoja tu mpaka usikie kwa kidole ukingo mdogo unaokwaruza upande wa pili, kwa urefu wote kuanzia nyuma hadi kwenye ncha. Ndipo ugeuze. Wengi hugeuza mapema, kabla ukingo haujatokea, halafu wanalaumu jiwe. Malizia kwa misuguo michache myepesi ukibadilisha pande. Katikati ya wiki, kile kiduara kisichong'arishwa kitakoni mwa kikombe cha kauri kinatosha kurudisha makali. Fundi wa kunoa kwa baiskeli anayepita mtaani anaharakisha kazi, ila mwambie achovye kisu kwenye maji kila mara. Ukiona makali yamegeuka rangi ya buluu, moto umeshakilainisha chuma pale, na hakitashika makali mpaka sehemu hiyo isagwe iishe. Ubao uwe wa mbao au plastiki. Kioo, marumaru na sahani vinaua makali kwa mikato michache.

Nyota mbili nilizosema nazirudisha. Baada ya kuandika kuhusu kiungo nimekichukua kile kidogo ninachokisifia, nikakisimamisha kwenye glasi ya maji ya moto, mpini chini, maji yakipita kiungo. Hewa ikiwa ndani inatanuka, na kama kuna ufa inatoka. Vipovu vimetoka, vidogo, mfululizo, pale pale shingoni. Nyota moja, na hiyo ni kwa sababu huwezi kutoa sifuri.