Panya buku wa APOPO kwenye mashamba ya mabomu ya Angola: nyota nne

Huduma hii ya APOPO, shirika linalofundisha panya kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, haipimiki bila kuangalia vita viliacha nini. Vita vya Angola vilianza 1975 Wareno wakiondoka, vikaisha Aprili 2002, wiki chache baada ya Savimbi, kiongozi wa waasi wa UNITA, kuuawa. MPLA, chama kilichoshika serikali, kilibebwa na Wasovieti na wanajeshi wa Kuba, UNITA ikabebwa na Afrika Kusini na Marekani. Silaha ziliingia kutoka kila upande, na waliotega mabomu mara nyingi hawakuacha ramani. Matokeo yake, eneo linaloshukiwa huwa kubwa, mabomu machache na yametawanyika, udongo umejaa maganda ya risasi. Kifaa cha kutambua chuma hulilia kila kipande, na kila mlio lazima uchimbwe kwa tahadhari ileile ya bomu.

Hapo panya aliyefundishwa Morogoro anastahili sifa. Ananusa TNT, baruti iliyomo ndani ya bomu; msumari haumhusu. Mita za mraba 200 humaliza kwa dakika 20 hivi, wakati mtu mwenye kifaa anaweza kuchukua siku moja hadi nne. Kwa kilo moja na ushei, halipui bomu akilikanyaga.

Maandalizi ndiyo yanayokula muda, na wengi hawayahesabu. Nyasi hukatwa kwanza, kisha wateguaji hufungua njia salama pembeni. Waongozaji wawili husimama huku na huku, kamba imevutwa kati yao. Panya huifuata akiwa amefungwa mkanda mwilini, nao husogea kidogo kidogo. Akinusa baruti, hukwaruza. Alama huwekwa, panya wa pili hupitishwa palepale, ndipo mteguaji huchimba.

Ndizi na karanga ndiyo mshahara, ila si palepale kwenye eneo halisi: hakuna anayejua kama amepatia, na ukimtuza ovyo atakwaruza popote apate ndizi. Kwa hiyo timu lazima iwe na uwanja wa mazoezi jirani, wenye mabomu yaliyozimwa ambayo mahali pake panajulikana. Timu isiyo nao, iache.

Nyota ya tano iliyokatwa ni ya mipaka yake. Jua likipanda kazi imekwisha, hata masikio na mkia vikipakwa mafuta ya kukinga jua. Kwenye majani marefu anapotea. Mabomu yakiwa yamebanana, kama ukanda uliotegwa kuzunguka kambi, harufu huchanganyika na alama zake hazisaidii. Hapo mpe kazi mtu na kifaa chake.

Mafunzo huchukua miezi tisa hivi na hugharimu takriban euro 6,000 kwa panya mmoja. Kabla ya kumkubali, dai matokeo ya mtihani ambao mwongozaji naye hakujua mabomu yalipofukiwa. Panya aliyeruka hata bomu moja arudishwe mazoezini.