Uzoefu wangu: mafunzo ya kupanga kampeni ya mitandao ya kijamii, Moshi mjini

Mafunzo haya hutolewa na kituo kidogo kilichopo ghorofani, mwendo mfupi kutoka mnara wa saa wa Moshi, kwa ada ya shilingi 150,000 ambayo ndani yake mna chai ya saa nne, daftari na fomu ya mpango wa kampeni iliyochapishwa kwa Kiswahili. Nilijiandikisha kwa sababu ninakodisha maturubai, viti na meza za sherehe, biashara ambayo hapa Kilimanjaro hutegemea mno majuma machache ya Desemba. Ninaandika kwa ajili ya wenye biashara ndogo wanaojiuliza kama fedha hiyo inastahili kutolewa. Kwa maoni yangu, inastahili kwa upande wa kupanga; kwa upande wa kuendesha kampeni yenyewe, bado kuna upungufu ambao nitaueleza.

Darasani tulikuwa mchanganyiko: mzee anayeuza vipuri vya pikipiki, fundi cherehani wa sare za shule, kijana anayeongoza watalii mlimani, akina mama wawili wa keki, na wengine ambao hawakuwa bado na biashara yoyote. Karibu wote tulikuja tukidhani tutafundishwa kusponsa posti, yaani kuilipia ionekane kwa watu wengi zaidi. Mwalimu, binti ambaye umri wake haukumzuia kulimudu darasa lenye wazee, aliagiza simu zilazwe kifudifudi juu ya meza mpaka kila mmoja awe amejaza fomu. Fomu hiyo ina safu saba, nazo ni lengo, mlengwa, ujumbe, jukwaa, ratiba, bajeti na kipimo, na haikubali jibu la jumla jumla.

Ilipofika zamu yangu aliniuliza, "Mama, wateja wako ni akina nani?"

"Yeyote mwenye shughuli, mwalimu."

"Sawa. Huyo mwenye shughuli, siku anayoamua kuweka oda, anakuwa yuko wapi?"

Swali hilo lilizungumzwa kwa muda mrefu kuliko jambo lingine lolote, na ndilo lililoilipa ada yangu. Harusi, vipaimara na ubatizo wa Desemba hufanyika Rombo, Marangu, Machame na Kibosho, lakini wanaogharimia sehemu kubwa ya sherehe hizo wanaishi Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza, na huja nyumbani mwishoni mwa mwaka, au kama utani wa nchi nzima kuhusu Wachaga, wenyeji wa hapa, unavyosema, huja kuhesabiwa. Wanapofika stendi ya Moshi, vikao vya kamati vimekwisha kukaa na michango imekwisha kugawiwa. Kwa hiyo tangazo linaloonyeshwa kwa wakazi wa Moshi katika wiki ya Krismasi linawafikia watu wasiofaa kwa wakati usiofaa, hata picha iwe nzuri kiasi gani. Tulilazimika kuipanga ratiba kwa kurudi nyuma, kuanzia tarehe 26 Desemba hadi kwenye siku za vikao vya Oktoba, na eneo la tangazo likawa Dar es Salaam badala ya hapa.

Hapo mwanafunzi mmoja aliuliza kama Facebook inaweza kumwonyesha tangazo Mchaga peke yake. Mwalimu alijibu vizuri: haiwezi, na tena tangu Januari 2022 kampuni ya Meta, inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp, ilipunguza vigezo vya kuwachagua watu kwa mambo nyeti kama dini, asili, afya na msimamo wa kisiasa. Kazi ya kumchagua mtu inabaki kwa ujumbe wenyewe. Ukiandika "Una shughuli Rombo Desemba hii?" juu ya picha ya turubai lililosimama kati ya migomba, asiyehusika atapita na anayehusika atasimama. Sijasikia maelezo mepesi kuliko hayo kuhusu tofauti ya mlengwa na ujumbe.

Upande wa bajeti ulifundishwa kwa hesabu ya ubaoni ambayo hata asiyependa hesabu aliifuata. Tuseme oda moja inakuachia faida ya shilingi 120,000, na uko tayari kutoa sehemu ya kumi ya faida hiyo kwa ajili ya matangazo. Basi kila oda isigharimu zaidi ya shilingi 12,000. Kama kati ya watu kumi wanaokuandikia WhatsApp ni mmoja tu anayelipa malipo ya awali, kila anayekuandikia asigharimu zaidi ya shilingi 1,200. Ukitaka oda 20, bajeti yako ni shilingi 240,000, na namba hiyo ndiyo unayokwenda nayo kwenye simu, si shilingi elfu tano za leo na elfu tatu za kesho kadiri moyo unavyokutuma. Mwalimu alishikilia pia kwamba bei iandikwe kwenye tangazo, kwa kuwa ule mtindo wa "bei inboksi" unajaza simu maswali ya watu ambao wangejiondoa wenyewe kama wangeiona bei mapema. Mzee wa vipuri alipinga, akisema washindani watamshusha bei, na mjadala wao ulikuwa mzuri kiasi kwamba chai ilipoa.

Somo la kutengeneza picha na video fupi lilikuwa la kawaida. Anayetumia simu kila siku hatajifunza mengi hapo. La WhatsApp Business lilikuwa na manufaa zaidi, hasa matumizi ya lebo kumtenga anayeuliza, anayesubiri kulipa na aliyekwisha kulipa, pamoja na tahadhari kwamba ujumbe unaotumwa kwa watu wengi kwa mpigo kupitia orodha ya matangazo (broadcast) huishia kwa watu 256 kwa kila orodha, na huwafikia wale tu walioihifadhi namba yako.

Sasa malalamiko. Kwanza, zoezi la kuweka tangazo halisi lilitengewa muda mdogo mno, intaneti ya kituo ikawa inakatika, na tukaishia kutumia bando zetu wenyewe. Matokeo yake ni kwamba jambo muhimu sana kwa anayeanza lilisemwa kwa dakika chache wakati watu wameanza kufunga mikoba: mfumo wa matangazo wa Meta hupitia kipindi cha kujifunza nani wa kuonyeshwa tangazo, ambapo huhitaji takribani matokeo 50, mfano watu 50 wanaokuandikia, ndani ya wiki moja kabla ya kutulia, na mabadiliko makubwa ya picha, bajeti au walengwa yanaweza kuurudisha mwanzo. Mwenye bajeti ndogo huenda asiifikie hiyo 50 kabisa, na ndiyo maana anashauriwa awe na tangazo moja au mawili badala ya kuigawa fedha kidogo kwa matangazo sita. Jambo hili lilistahili asubuhi nzima. Kwenye kundi letu la WhatsApp nimeona wenzangu wakibadilisha picha kila kunapokucha kisha wakilaumu mtandao.

Pili, sikuridhishwa na jibu lililotolewa kuhusu picha za wateja. Mama mmoja wa keki aliuliza kama anaweza kuposti picha za watoto wa kipaimara wakiwa na keki zao, akaambiwa ni sawa mradi asitaje majina. Sura ya mtu inamtambulisha hata bila jina, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Mimi mzazi akilipia turubai huwa namwomba ridhaa kwa maandishi kwenye WhatsApp, na asiporidhia napiga picha viti vikiwa vitupu. Kituo kinachofundisha wafanyabiashara hakina budi kuijua sheria hii.

Tatu, fomu yenyewe ina safu moja tu ya mlengwa, na kwa sherehe za hapa haitoshi. Anayelipa yuko Dar es Salaam, lakini kabla hajatuma fedha humwagiza ndugu aliyebaki nyumbani, kaka au shangazi, aje avione viti kwa macho, avikalie, atazame kama turubai lina viraka. Huyo ndugu hajaliona tangazo na pengine hata hayumo Instagram, ila akisema "hivi havifai" oda imekufa. Nilipoanza kuitumia fomu kwenye kazi zangu niliongeza safu ya pili ya mhakiki, nikaandaa video inayoonyesha miguu ya viti, mishono ya turubai na gari la kubebea, ambayo mlipaji anaweza kumtumia ndugu yake kabla ya kumpandisha daladala. Msimu huo malipo ya awali yalianza kuingia Novemba, mapema kuliko nilivyozoea, na nilipowauliza wateja "umetuona wapi?" wengi walitaja tangazo, ingawa kadhaa walisema wametumiwa ile video na ndugu. Nilipompelekea mwalimu wazo la safu ya mhakiki aliahidi kuliingiza kwenye fomu mpya. Sijaiona hiyo fomu.

Nani aende? Mwenye biashara inayotembea tayari, anayejua faida yake kwa kila oda, atatoka pale na mpango unaotekelezeka. Wale wasio na biashara walipata shida, kwa kuwa kila safu ya fomu iliwadai namba ambazo hawakuwa nazo, na wawili kati yao waliacha kuja. Anayetaka wafuasi kwa ajili ya wafuasi atachoka mapema zaidi.

Kabla ya kulipa, ulizeni mambo mawili: zoezi la kuweka tangazo halisi litachukua muda gani, na kama mwalimu ataendelea kujibu maswali kwenye kundi la WhatsApp baada ya mafunzo kwisha, kwa maana letu alijibu vizuri mpaka kampeni za kwanza zilipoisha, kisha akanyamaza. Msimu nao uangaliwe. Fundi wa sare aliyekuwa nasi alijaza fomu mwishoni mwa Novemba huku shule zikifunguliwa Januari, na alipopiga hesabu ya kurudi nyuma aligundua kwamba vitambaa vilitakiwa viwe vimeagizwa kabla hata ya tangazo la kwanza. Kwa kazi kama yake, awamu ya Agosti au Septemba ndiyo inayofaa.