Tanpura au Harmoniamu kwa Mtoto Anayeanza?

Kwa mtoto wa miaka mitano au sita anayejifunza uimbaji wa kiklasiki wa India nyumbani, nachagua tanpura, ala ya nyuzi inayotoa mvumo usiobadilika nyuma ya mwimbaji, hata ile ya programu ya simu. Nyuzi zake nne kwa kawaida hurudia Sa na Pa tu (sauti ya kwanza na ya tano ya ngazi ya muziki), kwa hiyo mtoto huitafuta Re au Ga (ya pili au ya tatu) kwa sikio lake mwenyewe, na akipotoka anasikia papo hapo.

Harmoniamu, kinanda kidogo cha kusukuma hewa kwa mkono, humpa kila sauti tayari. Humsaidia mzazi asiyejua kuimba, kweli, lakini haiwezi kuteleza kutoka sauti moja hadi nyingine, na mtelezo huo ndio roho ya raga, yaani mfumo wa sauti ambao wimbo wa kiklasiki wa India hujengwa juu yake. Redio ya taifa ya India iliipiga marufuku harmoniamu mwaka 1940, ikaanza kulegeza 1971.

Anzeni na raga ya Bhupali: sauti tano tu, dakika kumi kwa siku.